Ongeza Jaribio Moja

Tarehe 9 Januari

Mwanangu,

Hujambo? Sisi hatujambo, ila magoti yangu yameanza tena kulalamika kwa kusimama saluni kutwa. Mdogo wako mzima, anakula kama kawaida yake. Na wewe kifua kimepona? Nakuandikia barua kwa sababu simu zangu huzipokei, au unapokea na kusema, "Niko maabara, Mama, nitakupigia," halafu jua linazama, linachomoza, kimya.

Sasa nikuulize, na unijibu kama unavyomjibu mtu mzima. Unamaliza lini?

Juzi Mama Kobe alikuja kusuka. Unamkumbuka mwanawe, yule mliyemwita Kobe kwa sababu alirudia darasa, akawa anakuja hapa jioni umfundishe hesabu. Kobe kamaliza. Uzamivu, si kozi ya jioni. Mama yake akaketi kwenye kiti changu, akaniachia kichwa, akasema polepole ili wote wasikie, "Na yule wako bado anasoma? Huko wanasoma, au wanafundishwa kusoma?" Saluni nzima ikacheka. Nami nikacheka, kitana mkononi, na Mungu ndiye anayejua nilivyojizuia nisimng'oe nywele.

Wewe uliruka madarasa mawili. Shahada ya kwanza uliipata wenzako wakiwa bado wanahangaika na fomu za kujiunga. Uzamili mwaka mmoja. Ukarudi hapa ukaniambia mbele ya baba yako, Mungu amrehemu, "Uzamivu nao miaka mitatu tu, labda miwili na nusu." Mwaka huu ni wa saba. Baba yako amekufa akisubiri.

Kama kuna mwanamume, niambie. Kama umefeli, niambie. Kama uliacha siku nyingi na sasa unauza viatu, niambie pia, viatu ni biashara. Ila usinifanye mjinga.

Mimi mama yako.


Tarehe 2 Februari

Mama,

Shikamoo. Kifua kimepona. Pole na magoti. Mwambie huyo mlaji akufagilie hata nywele za sakafuni.

Barua yako niliisoma nimesimama koridoni. Nikaikunja, nikaenda kuosha chupa za maabara mpaka vidole vikaniwaka, kisha nikaisoma tena. Simu sipokei kwa sababu kwenye simu mimi na wewe tunapigiana kelele na hakuna anayemaliza sentensi. Hapa nitamaliza.

Hakuna mwanamume. Sijafeli. Sijaacha. Kazi yangu ya uzamivu niliimaliza baba akiwa hai. Kuna sumu inayotokana na ukungu wa nafaka iliyohifadhiwa vibaya. Nilitafuta njia ya kuigundua mapema kabla watu hawajaila, nikaipata, nikaiandika yote. Tasnifu iko mezani kwa Profesa, yule mama anayenisimamia. Bila saini yake haiendi kwa watahini. Mwezi uliopita nilikwenda tena kumwuliza. Nilimkuta anamenya chungwa.

"Profesa, ile tasnifu."

"Naisoma. Nzuri sana. Ongeza jaribio moja."

"Lipi?"

"Lile la unyevu."

"Nililifanya mwaka juzi. Liko sura ya nne."

Akatafuna kipande cha chungwa. "Basi lirudie. Una haraka ya nini? Bado kijana wewe. Halafu mchana kuna wageni, hakikisha mashine iko tayari."

Hiyo mashine ndiyo habari yenyewe, Mama. Tunayo moja tu ya kupimia sampuli, kubwa kama kabati la nguo, na ikianza ukorofi anayejua kuituliza ni mimi peke yangu. Napima sampuli za Profesa, za wanafunzi wake, na za makampuni yanayomtegemea. Maombi yake ya fedha za utafiti naandika mimi, yeye anaweka jina. Wenzangu niliowakuta wamesainiwa wakaondoka. Niliowapokea nao wamesainiwa wakaondoka. Kuna mmoja alikuwa hawezi hata kuiwasha mashine bila kuniita. Huyo alisainiwa mapema kuliko wote. Ningekuwa mzembe ningeshamaliza.

Mwambie Mama Kobe utakalo. Ila usimtaje tena baba kwa namna ile. Si mimi niliyemfanya afe.

Mwanao.


Tarehe 20 Februari

Mwanangu mkali,

Salamu zako zimefika, na ukali wako umefika pia. Sisi wazima. Mvua imekula kona ya ukuta wa saluni. Fundi amekuja, ameweka kiraka, ameondoka na nyundo yetu.

Nimekusoma mara mbili. Lakini mimi nimeishi, na sijaona mwalimu anayemchukia mwanafunzi wake bora. Mwalimu humwonyesha huyo kwa wageni. Ninayemjua ni wewe. Ulimi wako wembe. Darasa la sita ulimsahihisha mwalimu ubaoni mbele ya mkaguzi, tukaitwa shule mimi na baba yako, tukakaa kwenye viti vya watoto kama washtakiwa. Huyo mama wa watu umemjibu nini? Maana mtu haachi kusaini karatasi bure bure.

Nenda ukamwombe radhi. Hata kama hujui kosa, omba. Wakubwa wanajua wenyewe walikasirishwa na nini. Mkono usioweza kuukata, ubusu.

Mama yako.


Tarehe 1 Machi

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima.

Sina kosa, kwa hiyo sina msamaha wa kuomba. Mkono huo sitaubusu.

Mpaka mwisho wa Mei Profesa ananituma kwenye maghala kukusanya sampuli. Si zangu. Sitakuwa na muda wa kuandika.

Mwanao.


Tarehe 18 Mei

Mwanangu kipenzi,

U hali gani huko maghalani? Umekonda? Mimi leo hata magoti siyasikii kwa furaha.

Usikasirike kwanza, soma mpaka mwisho. Nilikuja chuoni kwenu. Nilifunga saluni, nikavaa lile gauni la kijani, nikapanda basi la alfajiri. Nilijua hupo, na ndiyo sababu nilichagua siku hizo, maana ungekuwepo ungenizuia getini. Mlinzi akanielekeza, nikapanda ngazi zile nikipumzika kila kona, mpaka mlangoni kwa Profesa wako.

Mwanangu, kwa nini ulimchora yule mama kama jini? Alinyanyuka akanishika mkono. Akaniagizia chai. Nikamwambia, "Mimi ni mama yake fulani. Nimekuja kumwombea. Ni mtoto mwenye kichwa, lakini mdomo wake hauna breki. Kama alikukosea, nisamehe mimi niliyemzaa." Na nikapiga magoti, haya haya mabovu. Akaniinua haraka, macho yamemlowa. Akasema, "Mama, hakunikosea chochote. Huyu binti yako ni mkono wangu wa kulia. Nikimwachia leo nitabaki kilema."

Umesikia hayo? Maneno hayo nimeyasikiliza kichwani njia nzima ya kurudi. Mama Kobe nimemwambia jana, na saluni haikucheka. Nikamwambia, wengine wanamaliza upesi kwa sababu hakuna anayewahitaji.

Akasema pia atakusaini "wakati ukifika". Basi vumilia. Unapendwa.

Mimi mama yako mwenye fahari.


Tarehe 3 Juni

Mama,

Shikamoo.

Nimerudi juzi na vumbi la maghala puani. Nikaingia maabara, wote wapo, wa mwaka wa kwanza mpaka fundi wa mitungi ya gesi. Profesa akaniambia mbele yao, anatabasamu, "Mama yako alikuja kukuombea msamaha. Mama mwema sana. Nilimsamehe." Watu wakainamia kazi zao. Mmoja akakohoa ili asicheke.

Ulikuja kuniombea msamaha kwa kosa gani, Mama? Litaje. Andika jina lake kwenye karatasi unitumie. Miaka saba sijachelewa siku moja, sijavunja kitu, sijamjibu vibaya. Niliujaza ulimi wangu pamba, kwa sababu nakumbuka vile viti vya watoto mlivyokalishwa. Wewe ukapanda basi ukaenda kumpa mtu yule kitu ambacho mimi nilikataa kumpa.

Na hayo maneno uliyoyabeba nyumbani kama zawadi, hebu yasome tena bila chai. Akuambie mtu hawezi kumwachia mwanao kwa sababu atabaki kilema, na wewe ushukuru? Mkono haupewi shahada, Mama. Mkono haumalizi, hauondoki, haulipwi. Mkono unatumika.

Jana nimeona kwa macho yangu maombi mapya ya fedha aliyoyapeleka. Niliyaandika mimi, lakini aliongeza ukurasa baada ya kuyachukua. Jina langu limewekwa kama mtumishi wa mashine kwa miaka mingine mitatu. Hakuniuliza. Nilipomwuliza, alisema, "Hata mama yako anaelewa."

Hata mama yangu anaelewa.

Usiniandikie mpaka nitakapokuandikia. Nasema hivi kwa adabu yote niliyobakiwa nayo.

Mwanao.


Tarehe 30 Agosti

Mwanangu,

Hujambo? Najua ulinikataza. Nimekaa Juni, Julai na Agosti karibu yote. Kama mtu anaweza kumkataza mama yake kuandika, basi mama naye anaweza kukaidi. Sisi tuko hai.

Mwanzoni nilikukasirikia. Nilisema, mtoto gani huyu, nimempigia magoti mtu kwa ajili yake na yeye ananifungia mlango. Wiki tatu sikuitaja barua yako kwa mtu yeyote. Halafu Kobe akaja, amemleta mama yake kusuka. Kijana mpole, amevaa viatu vilivyolika upande mmoja. Nikamkalisha kwenye benchi nikamwuliza, "Hebu niambie ukweli, wewe ulimalizaje upesi hivyo?"

Akacheka. Akasema, "Mama, msimamizi wangu alinichoka. Kila nikigusa kitu maabara kinavunjika. Alisaini ili niondoke. Dada yule ndiye aliyenifundisha hesabu. Akisema kazi yake imekwisha, basi imekwisha. Lakini nani atamruhusu mtu kama yule aende? Maabara itafungwa."

Mama yake akasema, "Nyamaza wewe, unajidhalilisha." Akajibu, "Najidhalilisha vipi? Ndivyo ilivyokuwa."

Mwanangu, niliweka kitana chini nikakaa. Mteja akaniuliza kama naumwa. Yule mama alinipa chai, akaniambia usoni kwamba anakunyonya, na mimi nikasema asante.

Kobe anasema kuna kamati ya chuo yenye mamlaka kuliko Profesa, na mwanafunzi anaweza kuiomba tasnifu yake itahiniwe hata msimamizi asiposaini. Ulijua? Kama ulijua, kwa nini hujaenda? Na kama unaogopa, unaogopa nini wewe, uliyemsahihisha mwalimu mbele ya mkaguzi?

Sasa ndiyo nina hasira, na zamu hii si juu yako.

Mama yako.


Tarehe 5 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima. Nimehama; anwani mpya iko nyuma ya bahasha. Nakaa na rafiki, chumba kimoja, yeye kitandani, mimi godoro la chini. Jioni nafundisha kemia watoto wa sekondari.

Kamati nilishakwenda, Juni hiyo hiyo, ila nilianza kwa Profesa. Asubuhi ile ile niliyoituma barua ya Juni, nilitoka posta nikaenda moja kwa moja ofisini kwake nikaweka ufunguo mezani.

"Wa nini huu?"

"Wa chumba cha mashine. Siingii tena."

"Alhamisi kuna wageni."

"Najua."

"Nani atawapimia?"

"Sijui, Profesa. Mimi ni mwanafunzi."

Akavua miwani. Hakupaza sauti; huyo hapazi sauti. "Unaelewa kwamba bila barua yangu ya kukupendekeza hakuna maabara itakayokufungulia mlango?"

"Naelewa."

"Nilikufanya mtu. Ulikuja hapa unaweza kukokotoa tu. Mimi ndiye niliyekufundisha kutazama."

Na hilo ni kweli, Mama. Ndilo linaloniuma kuliko yote. Alinifundisha. Kisha akaniweka kama mali yake.

Uliuliza niliogopa nini. Niliogopa hilo hasa alilolisema, barua ya kupendekezwa. Mtu akimaliza kwa kumshtaki msimamizi wake, anamaliza na mlango umefungwa nyuma yake na mwingine hauko mbele. Wote tunalijua hilo, ndiyo sababu wote tunasubiri.

Kamati imekaa Septemba. Wakamwuliza Profesa nini kinakosekana kwenye tasnifu. Akasema ukomavu. Mzee mmoja akavaa miwani, akafunua kurasa, akauliza, "Ukomavu ulitakiwa uwe sura ya ngapi?" Hakuna aliyecheka. Wamekubali ipelekwe kwa watahini wa nje. Nasubiri.

Asante kwa kuniamini, hata kama ilikubidi umsikie Kobe kwanza. Ndiyo, nimeliandika hilo makusudi. Bado nina hasira na wewe. Nikilala naiona ile picha, wewe na gauni la kijani sakafuni mwake. Sijui itaondoka lini, na sitadanganya kwamba imeondoka.

Mwanao.


Tarehe 22 Oktoba

Mwanangu,

Salamu. Hasira yako naipokea, niachie nikae nayo. Sikuombi uiharakishe.

Ila nimefanya jambo, na afadhali ulisikie kwangu. Namba ya ofisi ya Profesa ninayo. Alinipa mwenyewe siku ile ya chai. Jumatatu nikapiga, dada wa mapokezi akaniunganisha.

"Mama, habari za siku nyingi," sauti tamu ile ile.

Nikamwambia, "Nzuri. Mwezi wa tano nilikuja kwako nikakuomba msamaha kwa niaba ya mwanangu. Nimepiga kuuchukua."

"Kuchukua nini?"

"Msamaha wangu. Niliuomba kwa makosa. Hakukukosea, wewe mwenyewe ulisema. Kwa hiyo naomba urudi kwangu, na wale uliowatangazia kwamba umemsamehe, watangazie kwamba mama yake ameufuta."

Akasema, "Mama, haya ni mambo ya kitaaluma. Huwezi kuyaelewa."

Nikasema, "Ya kitaaluma siyaelewi. Mimi nimekupigia kuhusu magoti yangu."

Akakata simu. Wateja walikuwa wamenigeukia wote, na maji yanachuruzika kwenye sinki. Mama Kobe alikuwa pale. Jioni bombani aliniachia nafasi yake kwenye foleni ya maji, kitu ambacho hajawahi kumfanyia binadamu.

Sijui kama nimekusaidia au nimekuharibia. Kama nimeharibu, utanikasirikia kwa yote mawili kwa pamoja.

Mama yako.


Tarehe 16 Machi

Mama,

Shikamoo. Hujambo, na huyo mdogo wangu? Samahani kwa ukimya mrefu. Nilitaka kukuandikia nikiwa na jambo mkononi.

Nimefaulu. Miaka yote hii, na utahini wenyewe ulianza asubuhi ukaisha kabla ya chakula cha mchana. Masahihisho ni ya vituo na mikato, nimeshayafanya. Kiti cha Profesa kilikuwa wazi. Aliandika kwamba ana udhuru. Mtahini wa nje aliniuliza swali moja nje ya sayansi: "Majaribio yako ya mwisho ni ya zamani sana. Mbona tunakuona leo?" Nikamwambia akiulize kile kiti. Mwenyekiti akaagiza swali na jibu visiandikwe.

Kulikuwa na maabara nyingine iliyoniahidi kazi; wameiondoa. Waliomba barua ya msimamizi, haikwenda. Makala ya utafiti wangu, aliyoipeleka Profesa, imetoka na jina langu ni la tatu, nyuma ya mtu ambaye hakugusa sampuli hata moja. Nimepata kazi kwenye kituo cha kukagua nafaka, mbali kidogo, chumba kina dirisha na bosi mcheshi. Naanza mwezi ujao. Sitahudhuria mahafali, na naomba usinishawishi.

Jana nilikwenda kuchukua vitabu vyangu. Chumba cha mashine kilikuwa wazi. Ndani kuna binti, mdogo kuliko nilivyokuwa mimi nilipofika, tayari anafungua ubavu wa mashine kama mtu anayefungua friji yake. Nikamwambia jina langu. Akaniamkia vizuri. Akasema naye aliruka madarasa.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, siku utakayomaliza kuandika, peleka kamati siku hiyo hiyo. Usisubiri usomewe."

Akasema, "Profesa alinieleza habari zako, dada. Alisema ulikuwa na kipaji sana, uvumilivu ndio uliokupungukia." Hakusema kwa ubaya. Akaongeza, "Mimi nimepanga miaka mitatu. Labda miwili na nusu."

Nilimwandikia namba yangu kwenye karatasi. Aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka juu ya mashine, na feni ya mashine ikaipeperusha nyuma ya kabati kabla sijatoka. Hakuona. Nikarudi, nikajipenyeza nyuma kule kwenye vumbi nikaitoa, nikaiweka mfukoni mwa koti lake mwenyewe, na yeye ananitazama kama anayetazama kichaa. Nikashuka ngazi mbili mbili, Mama. Hasira niliyokuwa nayo jana sijawahi kuwa nayo kwa ajili yangu.

Nitafika Jumamosi kwa basi la mchana. Usiite watu, na usiniite Daktari mbele ya mtu. Bado nina hasira ya siku uliyokuja chuoni, na nataka tuimalize tukiwa tumekaa, tena kwa sauti kubwa ikibidi. Funga saluni siku hiyo.

Mwanao.